Mko saba mnakuja Nairobi? Hesabu vyoo kabla ya vitanda

Dada, umeuliza mko saba, wewe na mzee, watoto wanne na nyanya yao, mnatoka Mombasa mwezi wa nane na kila hoteli ya Nairobi unayofungua kwa simu inakulazimisha vyumba vitatu. Hiyo nishaipitia, idadi hiyo hiyo, wacha nikuambie.

Tulibuku vyumba viwili vya hoteli moja hapa tao, sijui kwa nini nilijiona mjanja, nikaandika wakubwa watatu watoto wanne, ile sehemu ya umri nikaiacha vile ilikuwa imejijaza. Tukaja na treni ya usiku, Syokimau, kituo cha treni cha Nairobi, tunashuka bado giza, nyanya miguu imefura. Kufika risepsheni kijana akachukua kalamu akaanza kuwahesabu watoto kama mbuzi wa mnada. Wa kwanza wangu ana 15, amenipita urefu na sharubu zimeanza, huyo hata hakuulizwa. Wa pili nilikuwa nafungua mdomo niseme 11, binti akadakia kwa maringo, "Nimefikisha 13!" Basi kwao kuanzia 12 ni mtu mzima, na chumba kimoja wakubwa wawili tu. Ghafla tuko wakubwa watano. Chumba cha tatu kikapatikana gorofa ya tano, sisi wengine ya pili, na vyote kuingia ni saa nane mchana! Mdogo alilala juu ya begi pale chini mpaka wenye kuja kunywa chai wakawa wanamruka.

Kwa hivyo kama ni hoteli, ona bei kwa mtandao lakini upige simu hotelini kwenyewe. Usiulize "mko na chumba cha familia", watakuambia ndio na ni kitanda kikubwa na kochi. Sema umri wa kila mtoto, uliza chumba kinabeba vichwa vingapi, kitanda cha ziada ni kitanda ama godoro la chini, na chai ya asubuhi imehesabiwa watu wangapi maana wengine bei ni ya watu wawili, hao watoto mtawalipia mkishakula. Vile vyumba viwili vyenye mlango katikati ndio vizuri kwa nyanya na watoto, ila wakiandika "ukiomba" maana yake ni vikibaki siku hiyo. Waambie wakuandikie kwa WhatsApp. Na mkija na treni ya usiku, kubalianeni mapema kuhusu kuingia asubuhi, hata kama ni kuongeza kitu kidogo.

Lakini mimi siku hizi kwa watu saba sisumbuki na hoteli, nachukua apatimenti ya vyumba vitatu yenye vitu vyake ndani. Ziko Kilimani, Kileleshwa, South B, South C, na usidharau Eastleigh, kule familia kubwa ni kitu cha kawaida hakuna wa kukushangaa na chakula cha halali kiko mlangoni. Yetu ya mwisho ilikuja karibu nusu ya bei ya vile vyumba vitatu vya hoteli, na nyanya akapika wali wake mwenyewe bila kununa.

Ila apatimenti nazo zina mambo. Tangazo likisema "inalala watu wanane" omba video, wawili kati ya hao wanane ni kochi la sebuleni. Hesabu vyoo kabla ya vitanda, saba na choo kimoja saa moja asubuhi ni vita. Uliza lifti inafanya kazi, maji yakikatika kuna tangi ama kisima, tokeni za stima ananunua nani (sisi ziliisha usiku wa kwanza tukiwa na kuku jikoni, keateka, yule mwangalizi wa nyumba, simu imezimwa). Na pesa usitume yote M-Pesa kwa namba ya mtu hujawahi kumuona, tuma kidogo ya kushikilia, nyingine mkishafungua mlango.

Halafu mwezi wa nane huku ni baridi nyinyi watu wa pwani. Tuliomba mablanketi mawili zaidi tukaletewa moja, nyanya akalala na leso tatu na soksi za mzee wangu, na hizo soksi mpaka leo hajarudisha.