Kitabu cha kazi zako kikifungwa kwa gundi, anza kupanga na mgongo

Nakala ya kwanza ya potifolio yangu niliifungua kwa madaha yote. Nikafika ukurasa wa 14 na 15, ilipokaa picha niliyoipenda kuliko zote: mtoto anaitazama kamera, uso wake umejaa kurasa mbili. Pua ilikuwa imezama. Macho yamesogeleana hadi karibu kugusana. Kwenye skrini uso ulikaa katikati kabisa, na kumbe katikati ndipo penye shimo.

Kijitabu cha pini hufunguka kikalala chali. Cha gundi ni habari nyingine. Karatasi zinapangwa kama matofali, ukingo wa mgongo unasagwa ili gundi ishike, kisha jalada linazungushwa. Huo usagaji pekee unaweza kula milimita 3 hivi, na kinachobaki hujikunja kuelekea ndani kila ukifungua. Gundi ya PUR (aina ya poliyurethani) hunyumbulika vizuri kuliko ile ya kawaida ya moto, lakini nayo haifanyi miujiza.

Kwa hiyo siku hizi pambizo la ndani naliwekea milimita 22, la nje 14. Kwenye skrini ukurasa unaonekana umeegemea upande mmoja, na mkono utakuwasha kuusawazisha. Uache. Kabla ya kutuma faili, nachapa rasimu nyumbani pande zote mbili, nazipanga karatasi, nabana ukingo wa mgongo kwa vibanio vizito, milimita 6 kutoka pembeni, halafu nafungua kama msomaji wa kawaida, bila kulazimisha. Ukijikuta unachungulia ili umalizie mstari, pambizo ni dogo.

Picha ya kurasa mbili sijaiacha, ila nachagua. Anga, ukuta, bahari, sawa. Sura ya mtu au maandishi, hapana. Mistari ya mshazari ni hatari zaidi, maana karatasi ikisogea kidogo tu wakati wa kufunga, jicho linaona ngazi. Inapobidi, narudia milimita chache za katikati ya picha kwenye kila ukurasa, ili zile zinazomezwa zisiache pengo. Jihadhari pia na ukurasa wa kwanza na wa mwisho: mara nyingi hupakwa ukanda wa gundi unaoushikisha na jalada, hivyo hufunguka kwa shida kuliko zote. Picha ianzie ndani ya jalada ivuke hadi ukurasa wa 1? Sahau.

Sasa unene wa mgongo, ambapo niliaibika. Kitabu kilikuwa na kurasa 96, karatasi ya unene wa milimita 0.15. Nikazidisha, nikapata 14.4, nikachora mgongo mnene wa kujivunia. Mpiga chapa akaniuliza taratibu, "Karatasi moja ina kurasa ngapi?" Mbili. Basi karatasi ni 48, mgongo ni milimita 7.2. Jalada lote ni faili moja: nyuma, mgongo, mbele. Kwa A4 ya kusimama ni 210 + 7.2 + 210, yaani 427.2, kisha ongeza milimita 3 za kukatwa kila upande, inakuwa 433.2. Unene wa karatasi muulize atakayekuchapia, usiukisie kutokana na gramu, yaani uzito wa karatasi kwa mita ya mraba. Karatasi mbili za gramu 150 zinaweza kutofautiana unene. Na mgongo ukiwa chini ya milimita 5, jina lako lisikae pale. Likiyumba kidogo tu linapanda mbele.

Mengine ni ya kawaida. Tuma PDF yenye ukurasa mmoja mmoja, usiziunganishe zinazotazamana. Picha ziwe dpi 300, yaani nukta 300 kwa kila inchi, kwa ukubwa zitakaochapwa. Uliza kama nyuzi za karatasi zitaelekea sambamba na mgongo. Zikikaa kinyume, kitabu kinakuwa kigumu kama mbao. Umbo la kulala silipendi kwa gundi, kwani mgongo ni mfupi na kurasa ni ndefu, unabeba mzigo usio wake.

Toleo la pili nilimhamishia mtoto ukurasa wa 15, peke yake, mdogo kuliko mwanzo. Ukurasa wa 14 nikauacha mweupe. Mtu wa kwanza kuupekua akaniuliza kama wamesahau kuchapa upande ule.