Ukivutwa na Dini za Kale, Waulize Wenyewe Kwanza

Tangu nianze kuzungumza waziwazi kuhusu imani za kale, vijana wa hapa Kisumu hawaishi kunijia. Mmoja kanunua mtandaoni karata za tarot, zile za kupigia ramli. Mwingine kapanga fuwele dirishani na anataka kujua ipi ni ya mapenzi na ipi ni ya kufukuza hasidi. Binti mmoja wa chuo aliniuliza apate wapi kundi la Wicca, dini ya kizungu ya uchawi na miungu ya asili, maana kanisani hajioni tena kuwa wa pale. Kiu hiyo naijua, nami nimekuwa nayo kwa miaka: kutamani ibada inayogusa udongo, mvua, miti na wafu wetu, si kelele za spika pekee. Kwa hiyo siwakatazi. Ninachowaomba ni kwamba kabla hujatoa pesa wala kuwasha mshumaa, ujue jambo hilo lina umri gani, wenyewe ni akina nani, na anayekufundisha anawajibika kwa nani.

Naanza na umri kwa sababu hapo ndipo wengi hudanganywa. Wicca hutangazwa mitandaoni kama dini iliyodumu maelfu ya miaka bila kukatika. Ukweli ni kwamba ilianza kujulikana hadharani Uingereza katika miaka ya 1950, baada ya sheria ya zamani ya uchawi kufutwa mwaka 1951, na aliyeitangaza ni Gerald Gardner, mstaafu aliyekuwa afisa wa forodha kule Malaya. Tarot nayo ilianzia Italia katika karne ya 15, na ilikuwa mchezo wa karata tu. Mwaka 1781 Mfaransa Antoine Court de Gébelin alidai kwamba ni hekima ya siri ya Misri ya kale, wakati ambapo hapakuwa na mtu hata mmoja Ulaya aliyeweza kuyasoma maandishi ya Misri hiyo. Zile picha ambazo wengi wenu mnazo kwenye karata zilichorwa na Pamela Colman Smith na kutolewa London mwaka 1909.

Dini changa si lazima iwe ya uongo. Kule Iceland, watu waliotaka kuirudia miungu ya mababu zao walitambuliwa rasmi na serikali mwaka 1973, na leo wanafungisha ndoa na kuzika watu wao kwa taratibu zao. Sensa ya Uingereza na Wales ya mwaka 2021 ilipata watu wapatao 74,000 walioandika wenyewe kwamba wao ni wapagani. Wengi wao wanajua vizuri kwamba taratibu zao zimeshonwa upya kutoka kwenye vipande vya zamani, na hawaoni haya kusema. Shida ni yule anayekuficha umri wa dini yake. Huyo ana kitu anataka kukuuzia.

Halafu kuna suala la mahali, ambalo naona halizungumzwi vya kutosha. Wapagani wa Ulaya wana sikukuu nane kwa mwaka, na nne kati ya hizo hufuata mwendo wa jua: siku ndefu kuliko zote, siku fupi kuliko zote, na zile mbili ambazo usiku na mchana hulingana. Kwao ni jambo zito, kwa sababu Desemba saa kumi jioni giza limeshaingia. Sisi ikweta inapita hapo Maseno, alama yake iko kando ya barabara, matatu huipita kila siku. Usiku wetu na mchana wetu vinakaribia kulingana mwaka mzima. Ukikaa Kondele, hapa Kisumu, tarehe 21 Desemba ukiwasha mishumaa kumkaribisha jua anayerudi, unamkaribisha asiyewahi kuondoka. Mwaka wetu umejengwa juu ya mvua: masika ya Machi hadi Mei, kisha mavuno, kisha vuli. Mwenye kutafuta imani iliyofungamana na ardhi basi aitafute kwenye mvua.

Ndiyo maana mimi mguu wangu ulielekea Bunyore, upande wa kwa mama, ambako ukoo wa Nganyi umejulikana kwa vizazi kwa utabiri wa mvua. Wana misitu midogo waliyoitunza huku mashamba yakiizunguka pande zote. Ukiingia, joto la barabarani linakatika ghafla, na chini ni majani makavu yaliyorundikana bila mtu kuyafagia. Wazee hutazama mti gani umechanua na upi umepukutisha majani, siafu wanahamia wapi, ndege gani amelia na upepo unatoka upande gani. Kwa miaka kadhaa sasa, Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya imekuwa ikikaa nao kabla ya msimu, pande mbili zikalinganisha walichokiona na kutoa utabiri mmoja kwa wakulima. Nilipofika, mzee aliyenipokea hakuniuliza ninaamini nini. Aliniuliza, “Wewe ni mtoto wa nani?” Nikamtajia mama, nikamtajia babu, akaendelea kuuliza mpaka akafika kwa mtu aliyemfahamu. Hapo tu ndipo tulipoanza kuzungumza.

Swali lile lilinifundisha jinsi ya kuwapima walimu wengine wote. Mzee yule ana majirani. Mvua ikienda kinyume na alivyosema, watu wanaijua nyumba yake, na ukoo utamuuliza. Mwenye bango lililogongomelewa kwenye nguzo ya stima, anayerudisha mpenzi, anayeshinda kesi na kuongeza nyota, ana nambari ya simu tu. Leo anajibu, kesho laini imezimwa na pesa zako zimekwenda. Anayeuza masomo ya uchawi wa kale kwa video ni ndugu yake. Muulize amefundishwa na nani na kijiji gani kinamjua, uone atakavyozunguka.

Vifaa siwezi kuvipa nafasi kubwa. Ile seji nyeupe inayofukizwa hukua California na kaskazini mwa Meksiko, na jamii asilia za huko zimelalamika kwamba inang'olewa porini kwa ajili ya soko. Hapa kuna ubani na kuna majani yanayofukizwa majumbani kwetu tangu zamani. Na kama umepewa manyasi au dawa nyingine ya mitishamba, usiache vidonge vya presha, vya sukari wala vya virusi vya UKIMWI, na daktari wako umwambie unachokunywa. Hilo silijadili na mtu.

Ukitaka kwenda mahali patakatifu, Kit Mikayi, yaani jiwe la mke wa kwanza, hapa Seme kwenye barabara ya Bondo, ni pazuri pa kuanzia. Wenyeji husimulia habari za mzee Ngeso, aliyeyapenda mawe yale hata akawa anashinda hapo, na mkewe akiulizwa mume yuko wapi alijibu kwamba yuko kwa mke wake wa kwanza. Lipa kiingilio, mchukue mwenyeji akuongoze. Kwenye nyufa utaona vipande vya mishumaa na nta iliyoganda juu ya jiwe, na mara nyingi utawakuta waumini wa kanisa la Legio Maria wakiwa magotini na kanzu zao. Wale hawakuja kupigwa picha. Kaa pembeni wamalize. Usiokote kijiwe ukapeleke nyumbani, na usianzishe ibada uliyoisoma kwenye simu katikati ya ibada ya watu.

Huenda ukakuta wazee hawataki kusema, na ukadhani wamesahau. Kumbuka walikotoka. Mwaka 1913 Onyango Dunde wa Alego alisema amemezwa na nyoka mkubwa wa ziwani, akatapikwa akiwa na ujumbe wa kuwaacha wazungu na dini yao. Imani hiyo ya Mumbo ilienea hadi Gusii, na serikali ya mkoloni ikaipiga marufuku. Kule Bungoma, Elijah Masinde aliwaita watu wamrudie Were, Mungu wa mababu zao, kupitia Dini ya Msambwa. Mwaka 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wake Malakisi, dini ikapigwa marufuku, naye akafungiwa kwa miaka mingi. Baada ya uhuru, mwaka 1968, ikapigwa marufuku tena. Nyanya aliyekulia katika hofu hiyo, kisha akaokoka, hawezi kukufungulia moyo kwa sababu tu umeuliza juzi.

Na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Nawaona vijana wa Nakuru na Kisumu wanaojiita wachawi kwenye kurasa zao, na picha ya mwezi nyuma. Gusii, mwaka 2008, watu 11 walichomwa hadi kufa kwa kushukiwa uchawi. Oktoba 2021, huko Marani, wanawake wazee wanne waliuawa kwa tuhuma hiyo hiyo. Kijana wa mjini akijitangaza mchawi atapata wafuasi. Uvumi ukifika kijijini kwao, atakayeandamwa ni nyanya yake anayeishi peke yake na macho mekundu ya moshi wa kuni. Sheria yetu ya uchawi ya mwaka 1925 bado ipo. Inamwadhibu anayejidai mchawi kwa nia ya kutisha watu, na pia anayemsingizia mwenzake. Katiba ya 2010, Kifungu cha 32, inakupa uhuru wa kuamini utakacho. Utumie uhuru huo bila kumwekea nyanya yako moto mlangoni.

Ukienda ocha, yaani kijijini kwenu, beba sukari na majani chai, kaa jikoni na nyanya usaidie kuchambua mboga. Usianze na mizimu, atakwambia hayo ni ya shetani na mazungumzo yataishia hapo. Muulize jina lake alirithi kwa nani, na kwa nini yule na si mwingine. Muulize mtoto alipozaliwa kitovu kilizikwa wapi, shamba lilifunguliwaje kabla ya mbegu ya kwanza, mti gani haukukatwa na kwa nini. Nyanya yangu mwenyewe, ambaye hakosi kanisani, hakuwahi kukubali kwamba anajua lolote la kale, na bado kwa maswali hayo alinisimulia mpaka chai ikapoa. Simu iache mfukoni hadi akuruhusu kuandika. Kama kwenu hakubaki mzee, nenda Makumbusho ya Kisumu, kuna boma zima la Kijaluo lililojengwa pale kwa mpangilio wake, na ukiuliza utaelezwa kwa nini kila nyumba imewekwa ilipo.