Jibu: Picha za Bismarck Rock kwa simu mbona hazina mvuto?

Mkuu, umesema hilo jiwe la Ziwa Victoria pale Mwanza linatoka dogo na picha imepoa wakati simu yako kali tu. Simu haina kosa, unaliweka jiwe katikati afu mstari wa maji na anga unaikata picha nusu kwa nusu. Ingia setingi za kamera washa gridi, utaona mistari miwili ya wima na miwili ya kulala, jiwe lipeleke pale inapokatana, kushoto au kulia, upeo wa ziwa ulaze kwenye mstari wa juu kama unataka maji, wa chini kama mawingu ndo yamenoga. Na unyooke basi, ziwa lililoinama linakera mno 😅

Kuzumu achana nako, simu nyingi zinakata tu picha na kuikuza ndo maana inachakaa, we sogea. Chuchumaa, acha mawe ya karibu au mtumbwi uingie mbele, jicho lipate pa kuanzia.

Jioni kuanzia saa kumi na mbili jua linashukia upande wa ziwa, jiwe litatoka jeusi tii, inapendeza. Ukitaka rangi yake halisi nenda asubuhi mwanga ukiwa mgongoni kwako.