Ubora wa wiski umeshuka? Nilichokiona baada ya kuweka chupa ya zamani na mpya pamoja

Wakuu, mwenye uzi ameuliza mambo mawili: karibuni tumenunua chupa zipi, na je, ni kweli wiski tulizozizoea zimekuwa nyepesi kuliko zamani, au ni ndimi zetu tu zimechoka? Wachangiaji wengi hapo juu wamejibu kwa mkato, "imeshuka, basi." Naomba nijibu kwa kirefu, maana jambo hili nimelifuatilia miaka mingi na mwaka huu nimelipima mwenyewe.

Nianze na kipimo chenyewe. Miaka 14 iliyopita nilinunua chupa mbili za wiski moja ya Uskoti, ya kimea kitupu cha kiwanda kimoja (single malt), ya miaka 12, iliyokomazwa kwenye mapipa ya sheri, yaani mvinyo mkali wa Hispania. Jina naliacha, kwa kuwa ninazungumzia chupa zangu mbili na sitaki uzi ugeuke ugomvi wa majina. Moja tuliinywa mwaka ule ule. Nyingine ilibaki kabatini, imesimama wima, gizani, muhuri haujaguswa. Mwezi uliopita nikanunua chupa mpya ya jina lile lile, miaka ile ile 12, asilimia ile ile ya kilevi. Nikazifungua zote siku moja. Hilo ni la lazima, kwa sababu chupa iliyofunguliwa zamani huwa imeshabadilishwa na hewa, na ukiilinganisha na iliyofunguliwa leo unalinganisha vitu viwili tofauti.

Aliyemimina ni dada yangu. Nilimwomba aandae glasi tatu, mbili ziwe na wiski moja na ya tatu iwe ya chupa nyingine, abandike vikaratasi chini ya vitako vyake, nami nikae chumba kingine mpaka amalize. Kunusa na kuonja nilifanya macho yamefumbwa, maana rangi peke yake ingeweza kunipa jibu. Kazi yangu ilikuwa kutaja glasi ipi si mwenzao. Tulifanya hivyo mara 6 katika jioni 3, kila glasi vijiko viwili vya chai tu, na maji ya kusukutua katikati. Nilipatia mara 5.

Ya zamani ilinukia zabibu kavu, tende, ngozi ya kiti kilichokaliwa miaka, na ukiiweka mdomoni ina uzito kama mafuta. Ukishameza inabaki dakika nzima, ladha inageuka geuka: kwanza tamu, kisha chungu kidogo kama ganda la chungwa, kisha moshi wa mbali ambao sikuutegemea kabisa. Mpya inaanza vizuri sana, asali na vanila, halafu inakuja tangawizi na ukali wa mti, kisha inakatika. Ile mara moja niliyokosea, glasi zilikuwa zimekaa karibu nusu saa kabla sijaonja, na harufu zilikuwa zimekaribiana mno.

Kwa hiyo kwa jina hili moja namuunga mkono mwenye uzi: tofauti ipo, na si ya kumbukumbu. Ninapoachana na wengi wenu ni pale mnaposema watengenezaji wa siku hizi hawajui kazi.

Sheria ya Uskoti inataka wiski ikae kwenye pipa la mti wa mwaloni si chini ya miaka 3, na iwekwe chupani ikiwa na kilevi kisichopungua asilimia 40. Idadi ya miaka kwenye lebo ni umri wa wiski changa kuliko zote zilizochanganywa humo ndani. Nawaomba mlishike hili vizuri. Chupa iliyoandikwa 12 inaruhusiwa kuwa na ya miaka 15, 18, hata 25 ndani yake. Hairuhusiwi kuwa na ya miaka 11.

Sasa rudini nyuma. Miaka ya 1970 viwanda vya Uskoti vilizalisha kwa kasi kubwa, kisha soko likaanguka. Mwaka 1983 vikafungwa viwanda kadhaa, vikiwemo Port Ellen na Brora. Lakini yale mapipa yaliyokwisha kujazwa yalibaki maghalani yakizeeka. Mchanganyaji wa miaka iliyofuata alikuwa na wiski nzee kuliko alizohitaji, na hakuwa na sababu ya kuzibania. Sisi tulioonja za miaka 12 wakati ule tulizoea kinywaji kilichoweza kuwa na umri mkubwa kuliko namba yake, tukaamini hivyo ndivyo miaka 12 inavyopaswa kuwa. Soko liliporudi kwa nguvu, akiba ikaliwa. Leo mwenye kiwanda anayeandika 12 mara nyingi anatafuta miaka 12 tu, hana akiba ya kuzidisha. Port Ellen na Brora zenyewe zimefunguliwa tena, Brora mwaka 2021 na Port Ellen mwaka 2024. Hilo linaonyesha soko limegeuka kiasi gani.

Sababu ya pili ni mapipa, na kwa wiski za sheri ndiyo ninayoiona kubwa zaidi. Zamani mvinyo wa sheri ulisafirishwa kutoka Hispania kwenda Uingereza ukiwa ndani ya mapipa, ukawekwa chupani huko. Mapipa matupu yalikuwa kero kwa wauza mvinyo, na watu wa wiski waliyapata kirahisi. Desturi hiyo ilikufa miaka ya 1980, Hispania ilipotaka sheri iwekwe chupani kwake. Tangu hapo mapipa mengi hutengenezwa kwa oda: pipa jipya linajazwa sheri mwaka mmoja au miwili ili mti ulowane nayo, sheri inatolewa, pipa linapelekwa Uskoti. Yako yanayotoka vizuri sana. Lakini mti uliolowekwa mwaka mmoja hauna tabia ya mti uliobeba mvinyo safari baada ya safari, na nadhani ule ukali wa tangawizi na mbao nilioukuta kwenye chupa mpya unatoka hapo.

Haki itendeke pia kwa upande wa pili. Chupa za sheri za zamani hazikuwa malaika. Mapipa yaliyokaa matupu yalifukizwa kwa kiberiti (salfa) yasioze, na mara nyingi kiberiti hicho kilihamia kwenye wiski. Nimewahi kufungua chupa ya miaka ile iliyonuka njiti zilizotoka kuwashwa na mayai yaliyochemka mno, nikaiacha wazi miezi na haikupona. Anayesema kila cha zamani kilikuwa bora, chupa za namna hiyo amezisahau.

Hadithi ya Uskoti imejirudia Japani kwa haraka zaidi. Huko nako soko la wiski lilipoa kwa miaka mingi, uzalishaji ukapunguzwa, kisha dunia nzima ikaanza kuitafuta kwa wakati mmoja. Huwezi kuagiza pipa la miaka 17 lililokuwa lijazwe miaka 17 iliyopita. Ndiyo maana mwaka 2018 Suntory, kampuni ya Kijapani, walitangaza kusitisha wiski zao mbili, Hibiki ya miaka 17 na Hakushu ya miaka 12. Hakushu 12 ilirudi mwaka 2021. Hibiki 17 mimi nimeionja mara mbili tu maishani na bado naiwaza.

Kuna mchangiaji ameuliza kama ni kweli wanaongeza maji. Wiski karibu zote huongezwa maji kabla ya kuwekwa chupani, hilo si kosa. Swali ni maji kiasi gani. Wahenga wetu walishasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mwaka 2013 ilitokea karibu neno kwa neno kule Kentucky, Marekani. Wiski ya huko iitwayo Maker's Mark ilikuwa inapendwa kuliko mapipa yaliyokuwepo, wakatangaza kushusha kilevi kutoka asilimia 45 hadi 42 ili chupa zitosheleze. Wanywaji wakapiga kelele mno, na baada ya siku chache tu kampuni ikaomba radhi na kurudisha 45. Naliheshimu sana tukio lile. Lilionyesha kwamba mnywaji anayesoma lebo ana nguvu, na kwamba mgema akiambiwa mapema husikia.

Asilimia hizo zina maana kubwa kuliko ulevi. Jaribuni hivi nyumbani. Chukua wiski ya asilimia 46 au zaidi ambayo haijachujwa kwa baridi, mimina kidogo kwenye glasi safi, dondoshea maji baridi kidogo kidogo huku umeishikilia mbele ya taa. Utaona nyuzi laini zinazunguka, kisha kinywaji kizima kinashikwa na ukungu. Ule ukungu ni mafuta na asidi zilizozaliwa kwenye uchachushaji na ukenekaji, na ndizo zinazoipa wiski ule uzito mdomoni. Wengi wanaouza kwa asilimia 40 au 43 huipoza wiski na kuichuja ili ukungu huo usije kumshtua mteja akiweka barafu. Glasi inabaki inang'aa, lakini kuna kitu kimeachwa kwenye kichujio. Tofauti si kubwa kama wanavyodai wengine, ila mimi naisikia.

Hapa ndipo ninapotaka kumpa mwenye uzi habari njema, kwa sababu chupa mbili nilizonunua karibuni zimenifurahisha. Ya kwanza ni Bunnahabhain ya miaka 12, kutoka kisiwa cha Islay. Mpaka mwaka 2010 iliuzwa kwa asilimia 40. Wakaipandisha hadi 46.3, wakaacha kuichuja kwa baridi, wakaacha na rangi ya karameli. Niliionja enzi za 40 na sikuijali sana. Hii ya sasa ina chumvi, karanga, zabibu, na uzito ule ule ninaoulilia kwenye chupa yangu ya zamani. Imekwenda kinyume kabisa na madai kwamba kila kitu kinashuka. Ya pili ni Deanston 12, ya Uskoti pia, nayo asilimia 46.3, isiyochujwa kwa baridi, iliyokomazwa kwenye mapipa yaliyobeba burboni, yaani wiski ya Marekani inayotokana zaidi na mahindi: asali, nta, shayiri safi. Dada yangu, ambaye hapendi wiski za moshi, aliimaliza glasi yake akaomba aione lebo.

Niongeze Glenmorangie, wiski nyingine ya Uskoti. Ile Original tuliyoijua kwa miaka 10 mwaka 2024 ilipandishwa kuwa ya miaka 12. Wakati wengine wanafuta namba kwenye lebo, hawa wameiongeza. Bado sijainunua, nitaileta hapa nikishaionja kwa mtindo ule ule wa glasi tatu.

Kuhusu chupa zisizo na namba ya miaka, mchangiaji mmoja ameandika kwamba ni wizi mtupu. Sikubaliani naye moja kwa moja, ingawa naielewa hasira yake. Burboni iitwayo Elijah Craig Small Batch ilikuwa ya miaka 12, na mwaka 2016 namba ikaondolewa ili waweze kuchanganya na mapipa machanga zaidi. Mnywaji amepoteza kitu pale, hakuna ubishi. Lakini kilevi kimebaki asilimia 47, na sheria ya Marekani inamlinda: burboni haitiwi rangi, lazima ikae kwenye mapipa mapya ya mwaloni yaliyounguzwa ndani, na ile iliyoandikwa "straight" isipotaja umri basi haina chini ya miaka 4. Mimi bado nainunua. Uskoti ulinzi wa rangi haupo, karameli inaruhusiwa, kwa hiyo ndugu aliyesema anachagua chupa kwa weusi wake, nakuomba uache. Unaweza kuwa unalipia rangi.

Mimi dukani natazama asilimia kwanza, kisha maneno kwamba haikuchujwa kwa baridi, kisha kama wametaja haikutiwa rangi, kisha umri. Mwisho nageuza chupa kutafuta ile namba ndogo iliyochapwa kwenye kioo karibu na kitako. Hiyo ni namba ya toleo, na mara nyingi inakuwezesha kujua chupa ilijazwa lini. Watu wengi hubishana kuhusu jina moja kumbe kila mmoja ana toleo lake, lenye mapipa yake.

Chupa yangu ya zamani imebaki theluthi. Niliihamishia kwenye vichupa vidogo vya mililita 100, nikavijaza mpaka shingoni hewa isipate nafasi, vifuniko vya kuzungusha, nikavirudisha gizani. Navitunza kwa ajili ya kulinganisha. Mwenye uzi, kama hiyo chupa unayosema imekuwa nyepesi bado unayo, soma namba ya kwenye kioo uiweke hapa, na utuambie uliifungua lini na imebaki kiasi gani. Kama ilibaki robo na imekaa wazi mwaka mzima, nitakuomba ufungue nyingine kwanza kabla hatujaihukumu.