Chui uani, swila kwenye ndoo ya maji: maswali ya wafuga mbwa

Kwa kawaida maswali ninayoletewa ni ya kupe, minyoo na jike aliyekataa kunyonyesha. Safari hii karibu wote mmeuliza jambo moja: mbwa wa nyumbani na wanyama waliotoka porini bila kualikwa. Yaliyofanana nimeyaunganisha.

Daktari, tunaishi Ongata Rongai. Wiki mbili zilizopita chui aliruka ukuta usiku akamchukua jike wetu. Tulisikia mlio mmoja tu, asubuhi tukakuta mnyororo umekatika na damu kidogo. Dume aliyebaki anatetemeka kila jioni. Ukuta una futi saba. Tuuongeze?

Poleni sana. Msipoteze pesa kwenye ukuta. Chui anapandisha mtini mzoga mzito kuliko yeye mwenyewe, kwa hiyo ukuta wa futi saba kwake ni ngazi, na wa futi kumi ni ngazi ndefu kidogo. Hapo mlipo mna jirani ambaye hahami. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi ipo tangu 1946, na upande wake wa kusini hauna uzio. Hata penye uzio, huyu ni paka, anapita. Na mbwa anampenda kwa kumla: kule Mumbai, India, kuna chui wanaoishi kwenye hifadhi iliyozungukwa na jiji, na sehemu kubwa ya chakula chao ni mbwa wa mitaani.

Katika barua yenu kilichonichoma ni hilo neno mnyororo. Mbwa aliyefungwa hawezi kukimbia, hawezi kuingia chini ya gari, hawezi hata kupigana vizuri. Mmemwekea chui sahani. Naandika hivi kwa ukali kwa sababu nimeona mikufu kama hiyo mingi mno, na kila mwenye nyumba huniambia alimfunga "ili alinde".

Jengeni banda lenye paa. Watu wengi hulisahau paa, wakazungushia wavu pande nne kama zizi la mbuzi. Tumieni wavu mzito uliochomelewa, si ule wa kuku, kisha sehemu ya kulala izibwe kwa mbao au mabati ili chui asiingize mkono na kumvutia mbwa kwenye wavu. Chini mwageni zege, maana fisi na nyegere hufukua. Komeo liwe la chuma. Mbwa aingie saa 12 jioni, kabla giza halijashika, na atoke jua likiwa limechomoza. Wenye nafasi na wasio na kizuizi cha dini au desturi, stoo ya jikoni ni banda bora kuliko yote.

Mtaniuliza, sasa ulinzi uko wapi? Mbwa analinda kwa masikio na koo. Akiwa ndani ya wavu, vyote viwili bado anavyo.

Taa zinasaidia, lakini chui huizoea taa inayowaka pale pale kila siku. Mnamkumbuka Richard Turere, yule kijana wa Kimaasai wa Kitengela? Akiwa bado mtoto aligundua kwamba simba wanaogopa mwanga unaotembea. Akachukua betri kuukuu ya gari, paneli ya sola na kasha la indiketa ya pikipiki, akaunganisha taa zinazowaka na kuzimika kwa zamu kuzunguka zizi la baba yake. Mwaka 2013 alisimama jukwaani California kueleza kazi yake. Fundi yeyote wa umeme Rongai atawatengenezea kitu cha aina hiyo, nanyi muwe mnazihamisha taa kila baada ya siku kadhaa.

Toeni taarifa KWS, shirika la serikali la wanyamapori Kenya. Huyo chui alishakula kwenu, atarudi kuangalia kama kuna kingine. Msitege wala msimwinde: sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 haina utani na mwenye kuua chui.

Fisi wanakuja hadi mlangoni hapa Karatu. Jirani ananishauri nitie sumu kwenye nyama niiache nje ya uzio. Mbwa wangu nitawafungia siku hiyo.

Hapana. Sumu haisomi jina la aliyeandaliwa. Itakula mbwa wa jirani, tai watakaotua asubuhi, na mtoto aliyeokota kipande. Mbwa wako utamfungulia kesho yake, naye atakwenda kuchokonoa mzoga wa fisi aliyekufa bondeni, afe vilevile. Nimewahi kupokea mbwa watano wa kitongoji kimoja kwa siku moja kwa ujinga wa aina hii, na niliyefanikiwa kumwokoa ni mmoja. Tena ni kosa la jinai.

Fisi wanafuata harufu. Kondo la nyuma la ng'ombe aliyezaa jana, mifupa ya sikukuu, ndama aliyekufa akatupwa nyuma ya boma, hivyo ndivyo vinavyowaita. Fukia kwa kina na uweke mawe juu. Bakuli la mbwa liingie ndani jioni. Uzio wa michongoma iliyoshonana unawasumbua fisi kuliko senyenge iliyolegea.

Mbwa wetu alikwenda kunywa maji kwenye ndoo bafuni uani, akatoka analia na kujisugua uso mchangani. Macho yalikuwa mekundu, yanatoka machozi. Bibi akasema ni swila, akataka atiwe maziwa. Tuko Watamu.

Bibi amepatia nyoka, maana swila hutema sumu machoni, na hata maziwa hakukosea sana. Kinachotakiwa ni kuosha. Maji safi ya bomba au ya ndoo, mengi, taratibu, kope zikiwa zimefunguliwa, kwa dakika 15 hadi 20 bila kuchoka. Maziwa yanafaa kama maji yako mbali, lakini hayana uganga wowote ndani yake. Mzuieni asijisugue, maana mchanga unakwangua jicho lililokwisha kuungua. Kisha mpelekeni kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Atatia rangi ya kupima kama kioo cha jicho kimechubuka, na hapo ndipo atajua dawa gani itumike. Msitumie dawa ya macho ya binadamu iliyobaki kabatini. Nyingine zina steroidi, na jicho lililochubuka likipata hiyo linaweza kutoboka.

Watamu mna swila wenu wa pekee. Hadi 2007 wataalamu walikuwa wakimchanganya na wenzake, ndipo akatambuliwa kuwa aina yake mwenyewe na kupewa jina la James Ashe, mwanzilishi wa shamba la nyoka la Bio-Ken lililo hapo hapo kwenu. Ni nyoka mrefu kupita mita mbili na ana sumu nyingi. Ndoo ziwekeni juu ya benchi, mlango wa bafu usiwe na upenyo chini.

Daktari shikamoo. Niko Handeni. Moma amemuuma mbwa wangu wa kuwindia panya shambani, mguu ukavimba kama gunia. Mzee mmoja akachanja na wembe na kuweka jiwe jeusi. Mbwa alikufa siku ya pili. Je, jiwe lilichelewa?

Marahaba, na pole. Jiwe halikuchelewa, halikuwa na kazi ya kufanya. Sumu ya moma, wengine mnamwita kifutu, inaozesha nyama na kuvuruga damu isigande sawasawa. Ukichanja unafungua mlango wa damu isiyotaka kukoma. Ukifunga kamba unaibana sumu mahali pamoja na mguu unaoza haraka zaidi. Mafuta ya taa, tumbaku na dawa ya kienyeji ya kunyweshwa vyote hula muda, na muda ndio mbwa alikuwa nao.

Siku nyingine, kama itatokea, mvue kola mara moja, hasa akiumwa usoni au shingoni, maana uvimbe utamkaba. Usimwache atembee, mbebe. Mlaze kwenye toroli, pikipiki, chochote. Usimpe diklofenaki wala ibuprofeni eti apunguze maumivu, zinaumiza figo na tumbo la mbwa na kuzidisha kutoka damu. Nyoka usimkimbize. Ukiweza kumpiga picha ukiwa mbali, sawa, la sivyo achana naye, kwa sababu nishaona familia iliyoleta mbwa mmoja na mtu mmoja.

Dawa ya kweli ni ile ya kuzuia sumu inayotiwa kwenye mshipa. Kipimo chake hakifuati uzito wa mgonjwa bali sumu iliyoingia, kwa hiyo kambwa kadogo hakatumii dawa kidogo, na bei yake ni kubwa. Fimbo ya mbali haiui nyoka: nenda mjini wiki hii, mbwa wote wakiwa wazima, uulize ni kliniki gani inaiweka, inafunguliwa saa ngapi na inadai nini. Wapo watakaokujibu hawana. Uendelee kuuliza.

Moma hasogei. Nyoka wengine wakisikia kishindo huondoka, yeye hutulia akitegemea rangi yake ifanane na majani makavu, na mbwa humkanyaga au kumnusa. Ndiyo maana wengi wanaumwa puani na miguu ya mbele. Fyeka majani hatua kadhaa kuzunguka nyumba, rundo la kuni liinuliwe juu ya vigogo, na pumba za kuku zikae kwenye pipa lenye mfuniko. Nyoka anafuata panya, panya anafuata pumba.

Mbwa wangu ni shujaa, anafukuza nyani wote wanaoingia shambani Mto wa Mbu. Jana amerudi na jeraha dogo begani. Nimpake nini?

Usimpake, mlete. Nyani dume humshika mbwa kwa mikono miwili, anauma na kuvuta. Juu unaona tundu la kuingia kidole, ndani ngozi imeachana na nyama na uchafu umeingia. Inabidi nywele zinyolewe, jeraha lifunguliwe, lisafishwe na mbwa apewe antibayotiki. Ukingoja siku tatu utanusa mwenyewe.

Na huo ushujaa uupunguze. Mbwa mmoja mbele ya kundi la nyani anashinda kila siku mpaka siku moja. Kazi yake iwe kubweka, wewe na manati mfukuze.

Nina mizinga kumi nyuma ya nyumba, Sikonge. Mbwa anafungwa chini ya mwembe karibu na hapo.

Mhamishe leo, kabla hujamaliza kusoma. Hapa tena naulaumu mnyororo. Nyuki wakichokozwa, na huchokozwa na harufu, mlio wa mashine, hata mbuzi aliyejikuna kwenye mzinga, humwendea asiyeweza kuondoka. Nyuki wa kwanza akichoma huacha harufu inayowaita wenzake, harufu inayofanana na ya ndizi mbivu. Ukiisikia bila kuona ndizi, ondoka. Mbwa aliye huru hukimbia na mara nyingi hupona. Siku ya kurina asali, mbwa wote wafungiwe ndani ya nyumba, madirisha yafungwe. Akivamiwa, jifunike blanketi lililolowa kabla hujamwendea, na miiba uikwangue kwa ukucha badala ya kuibana.

Mbweha aliingia mchana kweupe hapa Mugumu, akapigana na mbwa wetu, wala hakuogopa watu. Vijana wamemuua na kumfukia. Mbwa ana mkwaruzo tu.

Swali hili nimelijibu kwa simu siku ileile, lakini wengine mlisome. Mbweha asiyeogopa watu mchana ni wa kushukiwa kichaa cha mbwa. Mkwaruzo unatosha. Osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, mikono ikiwa imevaa glavu au mifuko ya plastiki. Kila mtu aliyemshika mbweha au mate yake aende hospitali siku hiyo bila kungoja dalili, kwani dalili zikianza hakuna tiba. Mbwa aliyechanjwa arudiwe chanjo upesi na awekwe chini ya uangalizi. Asiyechanjwa, mazungumzo na daktari yatakuwa magumu. Na mzoga msiufukie kabla ya kumwita afisa mifugo, maana kipimo kinafanywa kwenye ubongo.

Chanjo huanza mbwa akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka. Wakati huohuo ulizia na ya distempa, ugonjwa mwingine wa virusi wa mbwa. Ninyi wa Mugumu mnaishi ukingoni mwa Serengeti, na mwaka 1994 ugonjwa huo uliua takriban simba elfu moja, theluthi ya simba wote wa pale. Inaaminika virusi vilitoka kwa mbwa wa vijijini. Tunazungumza kila mara kuhusu wanyama wanaowaletea mbwa balaa. Siku ile balaa ilielekea upande wa pili.

Kenge amempiga mbwa mkia, Mbagala. Ana sumu?

Hapana. Akiuma, osha na umwone daktari kwa ajili ya usaha. Anayemleta ni mayai ya kuku wako.

Mbwa wetu wa Iringa amerudi na miiba ya nungunungu usoni, saba hivi. Ni kweli huirusha kama mishale? Naweza kuing'oa?

Hairushi. Hurudi kinyumenyume kwa kasi, na mbwa anajichomea mwenyewe. Mmoja au miwili iliyo kwenye ngozi ya bega unaweza kuivuta kwa koleo, taratibu na moja kwa moja bila kuipinda. Iliyo usoni, karibu na jicho au mdomoni, niachie mimi, mbwa alazwe kwa dawa. Usiikate, kipande kitabaki ndani. Usiku mfungie, kwa sababu mbwa aliyechomwa na nungunungu hapati funzo. Huyu wa kwenu nadhani ndiye niliyemtibu mwaka jana.