Stroku kubwa (kiharusi) ikimpata mtu wenu: mambo ya kuongea na manesi kabla hamjaanza kugombana

Nimefanya kazi wodi ya stroku kwa muda mrefu na baba yangu mzazi ndo ugonjwa uliomchukua, kwa hiyo haya mambo nimeyaona nikiwa nimevaa yunifomu na nimeyaona nikiwa nimekaa kwenye kiti cha ndugu wa mgonjwa. Na kote kule ugomvi ni uleule, ndugu na manesi wote wanamtakia mgonjwa mema lakini wanafika mahali hawasalimiani, na mara nyingi kilichowagombanisha ni chakula. Nitafika huko.

Kwanza muelewe kwa nini stroku inawavuruga watu hivi. Mgonjwa wa kansa mara nyingi anaumwa kwa miezi, anapata muda wa kusema hiki nataka hiki sitaki. Wa stroku asubuhi alikuwa anaongea na simu, jioni hajitambui, upande mmoja umelala, kauli imekatika, na nyie ndo mnaulizwa maswali ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza mwenyewe akiwa mzima. Hata tiba shufaa yenyewe, ile ya kumtuliza mgonjwa ambaye haponi, ilikulia kwa watu wa kansa, Cicely Saunders (alikuwa nesi kabla hajawa daktari, wenzangu mjivunie) alifungua St Christopher's kule London 1967, na huku kwetu wodi za stroku tumekuja kuidandia baadaye sana.

Halafu siku za mwanzo zinadanganya. Mshipa mkubwa ukiziba, ubongo unavimba, na uvimbe unapamba moto kama siku ya pili hadi ya tano hivi, kwa hiyo mtu aliyefumbua macho juzi anaweza kuzama tena leo na ndugu wakaanza kuulizana nani kamdunga sindano gani usiku. Hakuna aliyemdunga kitu, ni uvimbe. Ndiyo maana mimi nasema msifanye maamuzi mazito saa za kwanza, na msikubali kusukumwa. Kwa stroku ya kuvuja damu, mwongozo wa wataalamu wa Marekani wa 2010 ulishauri kwamba uamuzi mpya wa kutomshtua mgonjwa moyo ukisimama ungoje angalau hadi siku ya pili kamili tangu alazwe, maana mtu akishaandikwa kwenye faili kuwa hana matumaini kila kitu kinapoa, dawa, vipimo, hata mwendo wa watu kwenda kitandani kwake, na kweli anakufa. Lakini siku zikipita na kila daktari anayekuja raundi anarudia yaleyale, hapo sikilizeni.

Maswali ya kuuliza. Usiulize tu "atapona?" maana daktari atakujibu "tuombe Mungu" na wote mtaondoka mlivyokuja. Uliza ataweza kumeza? Ataweza kukaa mwenyewe? Atanijua mimi ni nani? Unategemea nini siku mbili tatu hizi? Familia nyingi kichwani zina mambo mawili tu, afe au atoke anatembea, wakati kwa stroku kubwa kuna la tatu, kuishi miaka kitandani bila kuongea, na hilo hakuna anayependa kulitaja. Litajeni nyie. Na mkishajibiwa msijiulize "sisi tunataka nini", jiulizeni yeye angesemaje. Wakati wa baba, kaka yangu mkubwa alitaka kila kitu kifanyike na mimi nilikuwa nimechoka, tukabishana hadi shangazi akauliza, "Nyie, huyu mtu si ndo alikuwa hataki hata kufungwa vifungo vya shati na mtu mwingine?" Tukanyamaza, maana wote tulijua ni kweli.

Sasa chakula. Karibu nusu ya wagonjwa wa stroku mwanzoni hawamezi vizuri, uji au maji yanaenda kwenye mapafu na nimonia inaingia, ndo maana nesi anakukataza kumlisha kwa kijiko hata kama mgonjwa anafungua mdomo. Anawekewa mpira wa puani wa kupitishia chakula hadi tumboni. Kama bado kuna matumaini, mpira ni sahihi kabisa na ningeudai. Ila kuna utafiti mkubwa ulioitwa FOOD, ulitoka 2005, ulionyesha kulisha mapema kwa mpira huenda kunapunguza vifo lakini wengi wa wanaobaki wanabaki na ulemavu mzito, wa kutegemea watu kwa kila kitu. Na mwili ukishaanza kuzima, mpira haumpi nguvu, tumbo halipokei, anatapika na chakula kinaingia kifuani. Hapo nesi anasema tuache, na ndugu anasema, "Sista, mnamuua baba kwa njaa."

Mimi nawaelewa wote. Ndugu, kumlisha ndo kitu pekee kilichobaki anachokijua kufanya. Nesi naye ndo anayemfunga mikono kwa vitambaa saa nane usiku ili asivute mpira, na picha hiyo nyie wa saa za kutazama wagonjwa hamuioni. Mtu anayekaribia mwisho kwa kawaida hasikii njaa kama mimi na wewe, kinachomsumbua zaidi ni ukavu wa mdomo. Kwa hiyo omba kipande cha gozi (kitambaa chepesi cha kufungia vidonda) na maji kidogo, ikamue vizuri isidondoke, pitisha ndani ya mashavu na kwenye ulimi taratibu, halafu paka mafuta midomoni. Nimempa gozi kijana aliyeshinda akitufokea siku nzima, akaifanya kazi ile kwa mikono inayotetemeka, baba yake akafyonza kidogo, na kijana hakuniuliza tena habari ya mpira.

Kuhusu pumzi, mtaona anavuta haraka haraka, halafu anatulia kabisa, halafu anashtuka kuvuta tena, na chumba kizima nacho kinabana pumzi kumngoja. Ni ubongo unaoendesha hivyo, wala sio kwamba anakabwa. Ule mkoromo wa kooni ni mate anayoshindwa kumeza, mgeuzeni ubavu, na msidai avutwe mate kwa mashine kila dakika maana ile mashine inamkera kuliko mate. Morfini kidogo ya kutuliza pumzi na maumivu ikitolewa kwa kipimo haimuui, naulizwa hili kila siku.

Dai mpango uandikwe kwenye faili, nini kinaachwa (kumtoboa kuchukua damu, kupima presha kila saa) na nini kinaendelea (kugeuzwa, kusafishwa, mdomo, dawa ya maumivu). Bila hivyo kila shifti inakuja na lake na hata sisi manesi tunaumia. Chagueni pia mtu mmoja wa kusemea familia, sio wajomba wote wanapiga simu wodini.

Na nesi akikuuliza, kama vile utani tu, "mna ndugu walio mbali?", waiteni siku hiyohiyo. Mara nyingi tunaona kabla daktari hajasema, ila kutamka sio kazi yetu.

Mwisho, lala. Wengine wanakata roho dakika ulizotoka kwenda kuoga, sijui kwa nini, nimeyaona mara nyingi mno na bado ndugu wanajilaumu. Acha wodini namba ambayo usiku inapokelewa, na simu iwe na chaji.