Lenzi ya bandia na jua la baharini

SWALI: Shikamoo daktari. Mume wangu ni mvuvi wa Deep Sea, hapa Tanga. Miezi miwili iliyopita alitolewa mtoto wa jicho, jicho la kulia, akawekewa lenzi. Anasema kwa jicho hilo tanga jeupe analiona la samawati, na jua linamchoma. Je, amewekewa lenzi isiyokinga miali? Miwani nyeusi ya sokoni itamfaa? — Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Usamawati huo si kasoro. Lenzi ya kuzaliwa huwa ya njano kadiri mtu anavyozeeka, ikapunguza bluu inayoingia. Ikitolewa, bluu yote inarudi kwa mkupuo. Afumbe jicho la kulia alitazame tanga kwa la kushoto: huenda akaliona kama maziwa yaliyodondokewa na chai. Atazoea.

Miali ya urujuanimno (UV), ile ya jua inayodhuru macho, haionekani, kwa hiyo rangi haiwezi kutuambia kama inazuiwa. Konea, kioo cha mbele cha jicho, huzuia ile yenye urefu wa wimbi chini ya nanomita 300 hivi; kati ya 300 na 400, kazi kubwa ilikuwa ya lenzi iliyotolewa. Lenzi ya kwanza ya bandia, aliyoipandikiza Harold Ridley jijini London mwaka 1949, ilikuwa plastiki ya PMMA isiyo na kichujio. Kuanzia miaka ya 1980 watengenezaji walianza kuchanganya kichujio ndani ya plastiki yenyewe. Si cha kupakwa, hakibanduki. Lenzi nyingi za leo zinacho, ngumu na za kukunjwa. Aombe kuona stika ya lenzi kwenye faili lake: namba ya modeli itaonyesha inazuia hadi nanomita ngapi. Zile za njano hupunguza na bluu pia, lakini sioni sababu ya kuzililia. Faida yake ya ziada haijathibitika.

Lakini lenzi iko nyuma ya mboni, inakinga retina tu, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Weupe wa jicho na konea vinabaki juani, ndiko kinyama huota. Kwa hiyo kofia ya pama, na miwani ya UV400 (inayozuia miali hiyo hadi nanomita 400) inayofunika hadi pembeni, maana maji na mchanga navyo hurudisha miali. Weusi peke yake ni hatari: mboni hupanuka gizani, miali ikaingia zaidi. Duka la miwani lenye kipimo cha UV litawapimia miwani hiyo.

Kinachonitia shaka ni kule kuchomwa na jua. Wiki za mwanzo ni kawaida. Miezi miwili baadaye, hasa kama jicho ni jekundu, linauma au ameacha dawa ya matone mapema, huenda jicho limevimba ndani. Arudi kliniki wiki hii, kabla ya kununua miwani. Ikiwa uoni unapungua, aende leo hii.